Bwawa la Mama Ndege

Ipo siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na jana umeirudisha mbele yangu bila kujua. Ulikuja hapa na furaha yako, umepata kazi ya kuongoza wageni katika ile nyumba ya zamani ya shambani, ukanisomea maneno uliyopewa ukariri. Nyumba ya kihistoria yenye haiba ya pekee. Bustani iliyotunzwa kwa upendo, rafiki wa ndege na wanyama. Bwawa lililochimbwa na mama mmoja wa Kizungu aliyewapenda viumbe wa Mungu. Nilikusikiliza mpaka mwisho, kisha nikakuambia uende ukalale, uje leo. Sikutaka kukujibu nikiwa vile nilivyokuwa. Leo hasira ninayo bado, lakini naweza kuzungumza. Vuta kigoda ukae, na hiyo simu iweke pembeni.

Kwanza nikubali kwamba nyumba ile ni nzuri. Sitakudanganya kwa sababu nimekasirika. Mjerumani aliijenga kabla ya ile vita ya kwanza, kuta za mawe nene kiasi kwamba jua la saa nane hulisikii ukiwa ndani, na baraza pana inayozunguka pande tatu. Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, ukisimama upande wa nyuma unaiona Kibo yote, nyeupe, kama imesogezwa karibu ili uitazame wewe peke yako. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, maana kabla sijaolewa nilifanya kazi pale ya kupiga pasi. Pasi ya mkaa, mashuka mazito, na harufu ya nta waliyokuwa wakiipaka sakafu ya mbao. Jioni wenzangu walikuwa wakikimbilia nyumbani, mimi natafuta sababu ya kubaki.

Wakati huo Mjerumani alikuwa ameshaondoka na shamba limeuzwa. Waliokaa pale walikuwa Mwingereza mmoja na mkewe. Bwana alikuwa mtu wa kahawa, asubuhi shambani, mchana Moshi mjini, na maneno yake machache. Mke ndiye tuliyemwita Mama Ndege. Hakuruhusu bunduki ilie ndani ya mpaka wake. Sehemu yote ya chini ya shamba aliiacha iwe kichaka ili pongo wapate pa kujificha, akawawekea chumvi juu ya jiwe, wakawa wanakuja kulamba mchana kweupe. Mbega walishuka kutoka msituni na kukaa kwenye mikuyu yake. Hondohondo aliwakatia papai kwa mkono wake mwenyewe, pale pale kwenye meza ya baraza. Alinifundisha majina ya ndege kwa lugha yake, nami nikamfundisha kwa Kichagga, akiyatamka vibaya tukacheka wote wawili. Nakueleza haya usije ukasema bibi anamsema mtu asiyemjua. Nilimjua. Nilimpenda pia.

Kisha nikaolewa na Aloisi, babu yako, nikahamia huku chini ya shamba lile. Nyumba yetu ilikuwa na kihamba kizuri, migomba imesimama kama ukuta na kahawa chini yake, na vyote hivyo vilikunywa maji ya mfongo. Ninyi siku hizi mnafungua bomba. Sisi tulikuwa na mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee kutoka kwenye mto kule juu, ukipita ubavuni mwa mlima mpaka unafika kwa kila mtu. Ulikuwepo kabla ya Mjerumani. Alipochukua ardhi yake aliukuta unapita, akaukubali upite. Wanaume waliusafisha pamoja, na kila ukoo ulikuwa na zamu yake ya maji. Sisi wanawake hatukuruhusiwa hata kusogelea pale juu maji yanapoingilia. Huo ulikuwa mwiko, na hakuna aliyeuvunja. Kazi yetu ilikuwa kuchota, kupika, kufua na kunywesha mbuzi.

Sasa Mama Ndege akataka bwawa. Vibarua wakachimba katikati ya bustani, wakageuza mfongo uingie mle. Mwanzoni hatukuona tofauti, kwa sababu mvua ilikuwepo na bwawa likijaa maji yanaendelea na safari yake. Bata wa mwitu wakaja, na yangeyange, na ndege wengine ambao hata mimi sikuwa na majina yao. Wageni walitoka mbali kuja kuwatazama. Halafu ukaja mwaka ambao masika yalikatika mapema. Maji ya mto yakapungua, na ili bwawa lisishuke, bwana akafunga njia ya kutokea. Mfongo wetu ukawa tope, na baadaye vumbi. Watoto walicheza ndani yake.

Wanaume walipanda kwa bwana kuzungumza naye, akawaambia maji yakishaingia ndani ya mpaka wa shamba ni ya shamba. Walikwenda kwenye baraza la mangi, chifu wetu, wakaambiwa wasubiri, wakarudi tena wakaambiwa kwamba atakayegusa mfongo mle shambani atafungwa. Aloisi alirudi siku hiyo akakaa jikoni bila kuvua koti.

Ndipo mama mkwe wangu akaniambia tuende sisi wawili. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani, si zaidi. Alisema, wewe unajulikana kule, utanisemea. Tukaenda. Mama Ndege alinipokea vizuri mno, akaniuliza habari za ndoa, akaagiza tuletewe chai pale barazani. Bwawa lilikuwa mbele yetu linang'aa. Nilimweleza yote, kwamba huku chini hakuna maji, migomba inaanguka, na wanawake wanashuka korongoni mpaka mtoni, na njia ile ni mbaya. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya upole, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyotoka:

"Paulina, ndege hawa wakikosa maji hapa watakufa. Hawana mahali pengine. Ninyi mna miguu, na mto upo."

Nilimtafsiria mama mkwe. Aliniuliza kama nimesikia sawasawa. Nikamwambia ndiyo. Akaweka kikombe chini, chai haijaguswa, akasimama, tukaondoka.

Mwanangu, korongo lile unalijua, lakini unalijua lenye ngazi za saruji. Wakati ule ilikuwa njia ya mbuzi. Unashuka umejishikilia kwenye mizizi, unapanda na debe kichwani. Na kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kikichota kule, maji yaliyokuwa yakimwagika kwenye madebe yaliifanya njia iteleze kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kiangazi kila mahali, vumbi kila mahali, halafu njia ile peke yake imelowa.

Aloisi alikuwa na dada yake anaitwa Anjela. Wifi yangu, lakini tulikuwa kama tumenyonya ziwa moja. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa huku aliyekuwa fundi seremala Moshi mjini, Bonifasi, aliyepanga chumba Majengo. Padre alikuwa ameshaanza kutangaza ndoa yao kanisani. Bonifasi alikuwa amekwisha kuchonga kitanda, na Anjela alinieleza kila siku kuhusu kitanda hicho, kichwani kina maua ya kuchonga, mpaka nikamwambia nimekwisha kulala juu yake kwa masikio. Alicheka sana. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake.

Siku ile tulishuka pamoja, yeye na mimi na wanawake wengine wa jirani. Kulikuwa na ukungu. Tukachota, tukaanza kupanda, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Alikuwa ananieleza jambo fulani, sikumbuki ni jambo gani, na nimejaribu kulikumbuka maisha yangu yote. Akanyamaza katikati ya neno. Nikasikia debe likigonga mawe, likigonga tena kule chini zaidi. Yeye mwenyewe hakupiga kelele hata kidogo. Tulipomfikia, alikuwa amelala kando ya maji yale yale tuliyoyafuata, na shingo yake ilikuwa imegeuka vile shingo ya mtu isivyogeuka.

Tulimzika kwenye kihamba, upande wa juu wa migomba. Bonifasi alipanda kutoka mjini na vumbi la njiani usoni, akasimama kaburini kama mti. Watu walikuwa bado wamekaa uani alipofika mpishi wa kule shambani amebeba maua. Mawaridi mekundu na meupe, mazuri, yamefungwa kwa utepe, na majani yake bado yana matone ya maji. Alisema Mama Ndege ametuma pole, na kwamba amelia.

Mama mkwe aliyapokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Akayatazama. Akaingia nayo ndani, ambako siku hizo tulifuga pia mbuzi, na sisi tuliokaa karibu na mlango tulimwona akifungua utepe na kuwawekea mbuzi mbele, fungu kwa fungu, mpaka yakaisha. Alipotoka, alimwambia yule mpishi kwa Kichagga, kwa utulivu, kwamba mwenye kosa huleta jani la sale na kuja mwenyewe. Mpishi alikuwa mtu wa kwetu, alijua maana ya sale. Hakuna Mchagga anayekataa msamaha ulioombwa kwa jani lile, na hakuna anayelituma kwa mtumishi. Aliinamisha macho akaondoka.

Mimi nilikuwa nalia, na katika kulia kwangu nikasema kwamba Mama Ndege si mtu mwenye roho mbaya, ila hakujua. Mama mkwe alinigeukia. Hakuwahi kunigombeza kabla ya siku hiyo wala baada yake.

"Alijua," akasema. "Ulimwambia wewe mwenyewe kwa kinywa chako, mimi nikiwa nimekaa pale. Usimtafutie maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyatafuta. Huruma anayo nyingi, nimeiona. Amechagua pa kuimwaga, na si kwetu."

 Na hapo ndipo hasira iliponiingia, mwanangu, mahali palipokuwa na machozi, na sijawahi kuitoa.

Lakini haikuwa yangu peke yangu. Vijana walikuwa wamejikusanya nyuma ya zizi, Aloisi akiwemo, na Bonifasi ndiye aliyekuwa akisema. Alikuwa na debe la mafuta ya taa. Walikubaliana kwenda saa hiyo hiyo, mchana, waichome nyumba ile na kila kilichomo, wawaue na hao pongo. Mama mkwe alisikia, akaenda akasimama mbele yao. Alikuwa akiwafika kifuani tu.

Aliwaambia nyumba haikumuua binti yake. Aliwaambia mawe ya nyumba ile aliyabeba baba yake mzazi mgongoni, akiwa kijana, kutoka kule mtoni, akichapwa viboko vya Mjerumani, na kwamba alirudi na kibyongo ambacho alizikwa nacho. Yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alikuwa akimpaka mafuta mgongoni.

"Mkiichoma," akasema, "mtakuwa mmemchoma baba yangu. Na kesho mtanyongwa, na maji yatabaki kwao. Hasira mnayo, na mimi ninayo kuliko ninyi. Lakini mnaipeleka wapi?"

Bonifasi alimpa lile debe la mafuta. Kisha akakaa chini palepale, na ndipo alipolia.

Kesho yake mama mkwe alizunguka nyumba kwa nyumba. Aliwaambia wanawake jambo moja. Wanaume wamekatazwa kugusa mfongo, na sisi mwiko unatukataza kwenda maji yanapoingilia, sawa, yote hayo tutayashika. Lakini hakuna mangi wala mzungu aliyesema mwanamke asichote bwawani.

Tulipanda asubuhi, wanawake wote wa huku chini, wenye watoto mgongoni na wasio na watoto, kila mmoja na debe au kibuyu chake. Tulipita kwenye lango kuu. Tulipita kati ya mawaridi, tukapita mbele ya baraza, na kila aliyepita alisimama akasalimia kwa heshima. Tukafika bwawani, tukachota, tukarudi kwa njia ile ile. Mchana tukaja tena, na safari hii tulileta nguo za kufua. Tulifua pale pale kwenye majani yaliyokatwa vizuri, tukaanika juu ya maua. Hatukukanyaga ua hata moja kwa kusudi, wala kumrushia ndege jiwe. Watoto walipiga kelele kama watoto. Siku ya pili tukaja, na ya tatu. Pongo hawakushuka tena kwenye chumvi. Mbega walipanda zao msituni. Na asubuhi moja bata wa mwitu waliruka wote kwa pamoja, wakazunguka juu ya nyumba, wakaenda upande wa tambarare.

Hapo ndipo Mama Ndege alipotoka barazani akaja mpaka bwawani. Uso wake ulikuwa mwekundu. Aliniambia mimi, si wengine.

"Paulina, umefanya nini? Nilikufundisha kuwapenda. Sasa wamekwenda, watakufa huko."

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti anakamua shuka. Aliniuliza amesema nini, nikamtafsiria. Hakusimama. Alimjibu kutoka pale chini, na mimi nikalitafsiri jibu lake neno kwa neno.

"Mwambie ndege wake wana mabawa. Binti yangu hakuwa nayo."

 Nilimtazama Mama Ndege usoni, nikitafuta kitu. Sijui hata leo kama aliona aibu au aliona huzuni ya bata wake tu. Aligeuka akarudi ndani, na nilisikia mlango ukifungwa.

Askari wa baraza walikuja, wakatukuta tunafua, wakashindwa wamkamate nani kati yetu sisi sote. Mwishowe bwana alichoka. Wageni wake walikuwa wanakuja kuona ndege, wakawa wanaona nguo zetu za ndani. Aliagiza njia ya maji ifunguliwe, nusu ya siku kwa bwawa, nusu ya siku kwetu. Nusu! Maji ya wazee wetu, tukapewa nusu, na tukaambiwa tushukuru.

Na baada ya hapo baraza likamwita mama mkwe. Walisema amewaongoza wanawake kuvuruga amani ya shamba la mtu. Wakamhukumu ang'oe magugu kwenye uwanja wa baraza. Mwanamke aliyefiwa, nywele zake bado zimenyolewa kwa msiba. Mimi na wanawake wenzangu tulitaka kumsaidia tukazuiwa, tukabaki kusimama barabarani tukimtazama. Aling'oa mpaka hukumu ikaisha, akarudi nyumbani akanawa mikono kwa maji ya mfongo. Hakuna aliyeitwa kujibu kuhusu Anjela. Si siku ile, si baadaye, mpaka wazungu wale walipouza na kwenda kwao.

Kitanda Bonifasi alimpa babu yako na mimi. Hatukuweza kukikataa, na kukilalia hatukuweza vilevile. Wageni ndio waliokilalia.

Sasa nakuja kwako. Sikukatazi kazi ile. Chukua, uishi, uwajengee wazazi wako. Nyumba ile ni yako pia kuliko wanavyokuambia, damu ya ukoo wako imo ndani ya mawe yake. Na wanyama wale wapende. Mbega hakumkosea mtu, wala hondohondo, na msitu ukitunzwa mto unapata nguvu. Hilo mimi silikatai, na aliyekuambia kwamba bibi yako anachukia ndege hajui analosema.

Ninalokukataza ni kusimama mbele ya wageni na kusema uongo kwa sauti tamu. Ukifika bwawani, usiseme lilichimbwa na mama aliyependa viumbe wa Mungu, ukanyamaza hapo. Sema maji haya yalikuwa na wenyewe. Ukifika kwenye ukuta, weka mkono juu ya jiwe na useme lilibebwa na nani. Mtaje Anjela kwa jina lake. Wakikufukuza kwa ajili hiyo, njoo hapa, kihamba hakijaisha. Na ukiona mahali popote pazuri mno, pametulia mno, kabla hujapiga picha uliza nani alikuwa akikaa pale na maji ya pale yalikuwa yakienda wapi. Uliza hata kama aliyekukaribisha ni mpole. Hasa akiwa mpole.

Kuhusu hasira, usiwasikilize wanaokuambia uitupe. Mimi nimekaa nayo tangu nikiwa bado bibi harusi na haijanizuia kuzaa, kulima wala kusali. Ila usiipeleke mahali itakapomuunguza baba yako badala ya adui yako. Jiulize kwanza inakwenda wapi, kisha nenda nayo, mchana, mbele ya watu, na usalimie ukifika.

Basi, inuka, kazi inakungoja. Sogea nikushike kichwa. Mungu akupe maji karibu na mlango wako, mwanangu, na watoto utakaowatuma kuyachota warudi wote, wakicheka.